Nzi Anayeitwa Karani

4 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini magoti yametulia tangu baridi ipungue, na lile jicho la kushoto halijazidi. Huku tu wazima. Cherehani kumi na moja zinafanya kazi, ya kumi na mbili imegoma. Mjukuu wako wa kwanza amenipita urefu kwa sentimita nne na hapitishi siku bila kunikumbusha.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei, na ukipokea tunaongea dakika moja na sekunde ishirini, nimepima, kisha unasema "haya, salimia nyumbani" unakata. Barua huwezi kuikata. Nimeandika herufi kubwa na kuruka mstari mmoja mmoja ili lenzi yako isihangaike.

Mdogo wangu ameniambia hujaenda mtoni tangu Oktoba. Anasema nzi wako wa kuvulia, wale chambo bandia wa manyoya, wamebaki wawili kwenye kile kisanduku cha bati, macho hayakuruhusu kufunga wengine, na alipokuletea wa dukani, dazeni nzima, uliwapapasa ukasema hao ni wa kupambia kofia. Miezi mitano, Baba! Mtu asiyekosa mto Jumamosi hata moja, hata ile ya harusi yangu, ambayo ulikuja na buti zimelowa.

Sasa nisikilize. Nataka kujifunza kufunga nzi, nikufungie mimi.

Usicheke. Miaka arobaini na mitatu iliyopita nilikuomba jambo hili hili. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama mbele ya mlango wa stoo, ukaufungua nusu tu ukaniambia, "Wewe nenda kamsaidie mama yako." Ukafunga kwa komeo. Wiki iliyofuata ukamwingiza mdogo wangu, wa miaka sita, ambaye hata kamba za viatu nilikuwa namfungia mimi. Nilikuwa nakaa nje kwenye ngazi nikinusa nta na vanishi, nikiokota manyoya yaliyopeperuka chini ya mlango. Nilifikisha kumi na saba, nikayaweka kwenye kopo la poda la Mama.

Siandiki kulalamika. Kushona nilijifunza bila wewe, karakana nimeijenga bila wewe, na mikono ninayo. Niandikie tu namna ya kumfunga yule wa kijivu mwenye tai nyeusi, uliyekuwa ukimwita Karani. Hatua kwa hatua, kwa namba. Namba naelewa.

Binti yako.


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo mawili na yote yana malalamiko, kama watu fulani. Jicho la kushoto linaona ukungu, la kulia linaona ukungu mwepesi. Daktari amenipa zamu ya upasuaji mwezi wa tisa, kana kwamba samaki watanisubiri.

Barua yako nimeisoma kwa siku mbili. Buti hazikulowa sana. Na sikujua kwamba ulikuwa ukiokota manyoya.

Haya, Karani. Ndoano namba kumi na nne. Ibane kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, kijicho cha kupitishia mshipi kikitazama kushoto kwako. Uzi mweusi, upake nta mpaka unate kidogo kwenye kidole. Anzia nyuma ya kijicho, uvingirishe kuelekea mkiani mara ishirini na mbili: kwa juu unakwenda mbele, kwa chini unarudi kifuani kwako. Mkia ni nyuzi tatu za unyoya wa jogoo. Ukiweka nne anainama kama mlevi. Mwili ni manyoya ya sungura, ya tumboni. Chukua kidogo, punguza nusu, kisha punguza tena. Yabandike kwenye uzi na uyasokote kwa vidole, gumba likienda mbele, kidole cha shahada kikirudi nyuma. Upande mmoja tu, usirudishe. Halafu mizunguko saba kuja mbele. Shingoni unyoya mweusi, mizunguko mitatu, hiyo ndiyo tai. Funga fundo la mizunguko mitano, dondoshea vanishi, mwache alale.

Nilipokuwa fundi wa lifti, lifti ya ghorofa kumi na mbili nilikuwa naielezea kwa maneno machache kuliko haya.

Jiliwa alilotumia mdogo wako nimelituma kwa basi, pamoja na nta. Alikaa nalo miaka sita akafunga nzi wawili, wote wakafumuka. Mvivu wa vidole. Ndani ya bahasha kuna Karani mmoja kati ya wale wawili, umwangalizie. Usimfumue, tafadhali. Abaki mmoja huku, mmoja huko.

Baba yako.


2 Aprili

Baba, shikamoo. Vipi macho? Unakula, au unakunywa chai tu na kusema umekula?

Jiliwa limefika salama. Nimelifunga kwenye meza ya kukatia vitambaa, na wasichana wangu wa karakana wanaliita kiti cha daktari wa meno. Nimefunga nzi tisa. Ishirini na mbili, tatu, saba, tatu, tano: hakuna nilipokosea, nilikuwa nahesabu kwa sauti mpaka mkataji wangu akaniuliza kama nimeanza kuswali.

Wote tisa wamefumuka. Hata maji sikuwaonyesha. Nikifika mzunguko wa tano wa mwili, manyoya yanaanza kulegea kwenye uzi, wa saba yananing'inia kama ndevu za mbuzi. Nimebadilisha nta. Nimebadilisha uzi, na katika uzi, Baba, mtu wa kunifundisha hajazaliwa.

Nimefikia jibu moja tu: kuna hatua umeiruka. Sijui kwa kusahau au kwa mazoea. Maana mlango ule ule ninauona hata ndani ya barua: unafunguliwa nusu.

Nakutumia watatu, namba saba, nane na tisa. Uwatazame uniambie ulichonificha.

Jana nilipofungua kifuko cha nta, harufu ilijaa karakana nzima, na ghafla nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya tatu, soksi zimeshuka, Mama anapiga pasi chumba cha pili, na wewe unapiga mluzi nyuma ya mlango. Wimbo gani ule? Ulikuwa na vipande vinne na cha nne hukukimaliza hata siku moja.

Binti yako.


14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nakula. Wimbo ule cha nne sikukijua, ndiyo maana.

Sikukuficha hatua. Nimewatia nzi wako kwenye beseni, manyoya yakaelea peke yake kabla sijahesabu kumi. Kutazama siwezi, basi nikawapapasa kwa mdomo wa chini, ambao siku hizi unaona kuliko macho. Shingo nzuri. Fundo la kichwani zuri kuliko langu, hilo nalikubali. Kosa liko mwilini. Uzi umevingirishwa kama nilivyosema, lakini manyoya yamesokotwa kinyume, kwa hiyo kila ukizungusha unafungua ulichosokota. Hata nyaya za lifti ndivyo zilivyo: ukizivingirisha kinyume cha msokoto wake zinachanua kama ufagio.

Wewe umesokota kwa mkono wa kulia. Karani hasokotwi kwa kulia. Hakuna nzi wangu hata mmoja aliyepitia mkono wa kulia. Nani kakufundisha kutumia mkono huo?

Badilisha, utaona.

Baba yako.


20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Afya yako nitaiulizia mwishoni.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya tatu niliwapa wafanyakazi mapumziko ya dakika kumi ambayo hawakuyaomba, wasione uso wangu.

Umeuliza nani kanifundisha kutumia mkono wa kulia. Wewe, Baba.

Nilikuwa na miaka sita, zimebaki wiki sita nianze shule. Ulichana foronya yenye mistari ya bluu, ukatoa utepe wa upana wa vidole viwili, ukanifunga mkono wa kushoto kwenye kiti cha jikoni, penseli ukaiweka kulia. Siku arobaini na moja. Najua hesabu hiyo kwa sababu ndipo nilipojifunzia kuhesabu: kila siku nilichora kijistari kimoja chini ya meza, kwa mkono wa kulia, na vya mwanzo vimepinda kama minyoo. Ukienda kazini Mama alikuwa akinifungua. Saa kumi na moja kasoro dakika tano ananifunga tena, fundo legelege, halafu tunasikia buti zako ngazini.

Mwaka mzima wa kwanza mwalimu aliniambia nina mikono mizito. Wewe mwenyewe uliniambia hivyo siku nilipomwaga uji. Niliamini. Nilianza na cherehani moja ya kukanyaga nikiamini kwamba mikono yangu ni mizito, nikashona mara mbili zaidi ya wengine ili nifidie.

Leo nina miaka hamsini na mbili, naambiwa kwa barua, kama mtu anayeeleza habari za mvua, kwamba baba yangu ana mashoto. Ulikula kwa kulia. Uliandika kwa kulia. Spana ulishika kwa kulia, nilikuona. Sasa mle stoo ulikuwa unafanya nini, na kwa nini mdogo wangu alistahili kukuona nami sikustahili?

Jicho linaendeleaje?

Binti yako.


18 Mei

Baba, shikamoo.

Siku ishirini na nane bila jibu. Mdogo wangu anasema huumwi, unakula, ila unakaa stoo taa imezimwa. Sikuandiki kuomba radhi kwa nilichosema. Nakuandikia kwa sababu nilianza kazi, na kazi nikiianza naimaliza.

Jumapili karakana ilikuwa tupu. Nilijaribu kwa mkono wa kushoto. Nzi wa kwanza alitoka kama panya aliyenyeshewa. Wa pili nilimtupa kabla hajawa na mkia. Lakini vidole, Baba, vilikuwa kama watu waliokuwa wakingoja chumba cha nje wanasikia wanaitwa ndani. Wa tatu nilisahau kuhesabu. Mimi! Wa nne nilimtia kwenye glasi ya maji asubuhi, nikamtoa jioni.

Hakufumuka.

Huyu hapa ndani ya bahasha. Si zawadi, ni ushahidi.

Binti yako.


3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Jicho halijambo kwa jinsi lilivyo. Samahani kwa kukuweka.

Meza ya jikoni bado ipo. Nilipiga magoti, ikachukua muda, nikaingia chini. Kwa macho sikuona kitu, nikapapasa. Vijistari nimevihesabu kwa ukucha. Vipo arobaini na moja. Nilitumaini vingepungua.

Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto havikunjiki vizuri, unavijua. Niliwaambia vilibanwa na mlango wa lifti. Haikuwa lifti. Ilikuwa rula, upande wa makali, darasa la kwanza mpaka la tatu, kila nilipoisahau na kushika kalamu kwa mkono huo. Nilipokuona unashika kijiko kwa kushoto, niliikumbuka rula. Nikasema huyu hatapigwa. Foronya ni laini kuliko rula. Ndivyo nilivyojiambia, na jioni nilikuwa nalala nikijiona baba mwema. Mama yako alikuwa akilala amenipa mgongo. Kwamba alikuwa akikufungua mchana nimelijua kwa barua yako. Nashukuru alifanya hivyo.

Sasa stoo. Mkono wa kulia nilishauzoeza spana, kijiko, kalamu. Nzi walinishinda. Kitu kidogo kama kile hakikubali mkono wa kukopa. Basi nikawa nafunga mlango, najipa saa moja na nusu jioni za Ijumaa, mkono wangu unafanya unachotaka, napiga mluzi. Zilikuwa saa zangu nzuri kuliko zote, na nilikuwa nazila peke yangu kama mwizi.

Siku uliyosimama mlangoni, bobini ya uzi ilikuwa mkononi mwangu, mkono huo huo. Niliuficha nyuma ya mlango, ndiyo maana nilifungua nusu. Kama ungeingia ungeniona, na ungeniuliza, maana wewe hukuacha jambo bila kuliuliza. Ningekujibu nini? Mdogo wako alikuwa wa kulia tangu tumboni, hakuwa na la kuniuliza. Nikamfundisha yeye. Miaka sita nilimfundisha kwa vidole vyangu, kinyume cha vyake, nzi wakifumuka nikimwita mvivu. Jana nimempigia simu kumwomba radhi. Aliniuliza nimekunywa nini.

Wewe nakuomba kwa barua, nisiweze kukata.

Nilikosea, mwanangu. Mikono yako haikuwa mizito. Wepesi wako ulifungwa, na mimi ndiye niliyeufunga.

Yule wa nne nimempapasa kwa mdomo, mara nyingi. Nilidhani ni wangu.

Baba yako.


17 Juni

Baba, shikamoo. Hapa sote wazima, cherehani ya kumi na mbili imepona.

Barua yako niliisomea nyumbani, mlango umefungwa, kisha nikaufungua.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Siku zile hazifutiki kwa karatasi moja, na mwaka ule wote wa mikono mizito nao una sehemu yake. Lakini nakiri jambo: mimi nilikuwa nimekaa ngazini miaka yote hii nikidhani ndani kuna sherehe. Kumbe ndani kulikuwa na mtu mmoja tu, amejificha.

Nzi kumi na wawili wamo kwenye kopo la poda, lile lile. Mama aliniachia. Manyoya yangu kumi na saba yalikuwa bado ndani, Baba. Mawili nondo wamekula, kumi na tano ni mazima. Hao Karani tai zao ni za manyoya hayo, yale meusi. Manyoya ni ya jogoo wako, shingo nimezifunga mimi.

Wasichana wananicheka. Siku hizi nakata vitambaa kwa kulia na kufunga nzi kwa kushoto, na mkataji wangu anasema sasa nitawakaripia kwa mikono miwili. Taa ya mezani nimelazimika kuihamisha. Ilikuwa kushoto, kama kwa mafundi wote hapa, na kivuli cha mkono kilikuwa kinafunika ndoano. Nimeiweka kulia, ndoano inaonekana mpaka kijicho.

Nitakuja tarehe tisa Julai, siku nne. Nataka kuingia stoo. Sitaki kutazama, nataka kufunga. Kama haiwezekani niambie mapema.

Na mtoni uende kabla sijaja. Nataka kujua kama wanafaa.

Binti yako.


30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko huu usikushtue. Si ugonjwa wala hujaandikiwa na mtu mwingine. Nimetumia mkono ule mwingine, kwa mara ya kwanza tangu darasa la tatu. Unafanana na mwandiko wa mtoto kwa sababu ndipo ulipokomea. Nimechukua asubuhi nzima.

Jumamosi tulikwenda mtoni, mdogo wako na mimi. Alinishika kiwiko juu ya mawe kama bibi harusi. Maji yalikuwa baridi, yamepungua, na nilisikia kila jiwe lilipo kwa sauti yake, hata lile tambarare ulilokuwa ukikalia ukiwa mdogo, ukihesabu samaki wangu ili umwambie Mama idadi ya kweli. Nzi juu ya maji sikumwona. Mdogo wako alikuwa macho yangu. Mara tatu aliniambia nirushe tena. Mara ya nne akapiga kelele, "Sasa, mzee, sasa!" mpaka samaki mwenyewe nadhani alishtuka.

Sentimita thelathini na moja. Nimepima kwa shubiri kisha mdogo wako kwa futi, kwa kuwa nilijua utauliza. Nikamrudisha majini. Mdogo wako hajanisamehe mpaka leo. Karani tulimtoa mdomoni mwa samaki, nikampapasa pale pale: mwili mzima, mizunguko saba.

Tarehe tisa inawezekana. Jiliwa uje nalo. Nimetoboa matundu manne ya skrubu mezani, pembeni ya langu, na kiti nimekikata miguu kikufae. Komeo nimeling'oa, lilikuwa na kutu.

Mdogo wako alitaka kununua taa ya pili, ati wawili hawawezi kufanya kazi kwa taa moja. Nimemwambia asihangaike. Taa iko kulia, mahali ilipokuwa siku zote. Inatutosha sote wawili.

Baba yako.